Fimbo ya Kusikilizia

Saa nane usiku, Pasua imelala.
Mimi na Ndelilio tunafuata njia ya bomba
na fimbo ya chuma yenye kikombe cha mbao kichwani.
Naisimika, natega sikio,
nangoja mbwa wa kwa Mama Aikaruwa achoke kubweka.

Bomba zima haliongei.
Linalovuja hunong'ona, sss,
kama mtu anayefyonza chai ya moto gizani.

Ramani tuliyo nayo aliichora mtu aliyekwisha kustaafu.
Imeandikwa: inchi sita, chuma cha kusubu, hali nzuri.
Hali nzuri ya mwaka gani, haisemi.
Kule juu, kwenye udongo mwekundu wa migombani,
mabomba huzeeka taratibu, kwa heshima zao.
Huku chini udongo ni mweusi, wa kunata;
masika hufumbata maji,
kiangazi hupasuka mpaka mkono uingie,
na kila msimu hulimega bomba kidogo.
Hakuna mlio. Hakuna harufu.
Bili zinakwenda, ndoo zinajaa.

Hapa, nikasema.
Ndelilio akatema mate viganjani, akashika sururu.

Kimo cha kifua, tukalikuta:
jeusi, limenyooka,
zuri kama siku liliposhushwa.
"Sikio lako limekudanganya," akacheka.
Nikatoa kisu cha mfukoni, nikalikuna.
Kisu kikazama kama kwenye sabuni ya mche.

Chuma kilikwisha kuondoka.
Kilichobaki ni umbo lake, na mazoea;
na udongo ule ule uliolila
ndio uliolishika lisianguke.
Tulipouondoa
bomba likakumbuka kwamba halipo.

Maji yakatufika kiunoni kabla hatujaifikia koki.

Kulipokucha, Njoro nzima iko barabarani na madumu,
wanauliza nani katoboa bomba.
Tumesimama pale, matope hadi nyusi, sururu mkononi.
Nani angeuona mkono mwingine,
ule uliofanya kazi miaka arobaini bila sururu?

Fomu ya ofisi ina mahali pa CHANZO.
Kalamu yangu imelowa, haitoi wino.
Nikapapasa mfukoni, nikapata kigae cha lile bomba,
laini, cheusi, kinachafua vidole.
Nikajaribu. Kinaandika kama penseli.
Nikaandika: kutu.
Nikaandika tarehe, na jina langu.
Chini kabisa wanauliza
HALI YA BOMBA LILILOBAKI.
Nikaanza herufi ya kwanza
kigae kikamomonyoka.