Orodha ya Upungufu

Picha nne, kitambaa cheupe nyuma, masikio yote yaonekane.
Mpiga picha wa Barabara ya Kumi na Mbili ananionya:
"Usicheke, daktari. Viza haitaki meno."

Nyumbani nimezitandaza mezani kama karata:
ya miaka miwili, mpaka mwajiri anidhamini;
ya pointi, nayo nikivuka Machi umri unanila tano;
ya Ghuba, chapuchapu, ila pasipoti inalala kwa tajiri.
Mtihani wa Kiingereza nilishafaulu. Waliniambia
nieleze, dakika mbili, mahali ninapopapenda.
Nikaeleza Raskazone. Wakanipa nane.

Ubalozi wao umetoa orodha ya upungufu:
waashi, wauguzi,
na sisi, madaktari wa watoto.
Wameandika bila haya: tumepungukiwa.

Bombo, saa tisa usiku, tuko wawili wodi nzima.
Sista Mwanakombo ananishikia tochi ya simu,
natafuta mshipa kwenye kiganja kisichojaa kijiko,
naukosa.
Naupata.
"Kwani unaondoka lini?" ananong'ona, macho kwenye dripu.

Fomu ina kisanduku: sababu ya kuondoka.
Herufi mia mbili, zisizidi.
Nimeandika *mshahara*, nikafuta.
Nimeandika *uchovu*.
Zimebaki mia moja tisini na nne.