Namba Thelathini na Nne

Yalifika arobaini kwenye sanduku la mbao,
kila moja limevikwa gazeti la herufi nisizozijua:
meusi, bapa, yamebonyea katikati kama kitovu.
Kwenye fomu ya forodha niliandika: konjaki.
Afisa akaligeuza moja, akalinusa.
Dawa au chakula?
Bado hatujui, nikamwambia. Ndiyo kazi yenyewe.

Suwaiq, mwezi wa sita.
Nje nyuzi arobaini na saba; bandani
feni zinavuta upepo kupitia pazia linalochuruzika.
Kisima chetu kimeingiliwa na bahari.
Daktari Shinuna anataka kujua jambo moja tu:
chumvi kiasi gani, kabla mmea haujakata tamaa?
Basi mistari minne, ndoo nne,
ya kwanza maji matamu,
ya nne maji ambayo mbuzi wa jirani huyasusa.

Mimi ni mtu wa mizani.
Nimejifunza kwamba tunguu hili hujila:
jani moja tu kwa mwaka, refu kama mwavuli,
na jani likinenepa, la chini linasinyaa,
jipya likakaa pale pale palipokuwa la zamani
bila hata kusema hodi.
Unga wake nimeuona. Kijiko kimoja kwenye bilauri,
nikapindua bilauri juu chini:
maji yakasimama.

Lakini lina sindano, ndogo kuliko jicho.
Utomvu uliniingia viganjani, nikajikuna hadi alfajiri,
nikampigia mama, Al-Khoud.
Akacheka. "Umemenya ndiga mikono mitupu?"
Mama kazaliwa Tunguu, Unguja;
jina la kijiji chake ndilo ninalolipima kwa gramu.
Mwaka wa dhiki, anasema, walikata ndiga vipande,
wakaviloweka, wakamwaga, wakaviloweka tena,
na wa kwanza kuonja alikuwa kuku.
Siku ngapi, mama? Maji kiasi gani?
"Mpaka povu liishe."
Niliyaandika pembeni mwa daftari.
Daktari akayakata kwa wino mwekundu.
Wiki ya pili nikayakuta tena, kwa mwandiko wake.

Ijumaa umeme ulikatika.
Saa nne usiku Dadkarim, mlinzi, akanipigia:
"Njoo, kuna paka kafia bandani."
Nikaja na glavu na mfuko wa taka.
Hakukuwa na paka.

Mstari wa nne, namba thelathini na nne,
lile lisilotoa jani tangu lifike,
lile nililoliandikia *limekufa* kwa kalamu isiyofutika,
lilikuwa limesimamisha ua hadi kiunoni pangu,
rangi ya ini, lina mkunjo kama kanzu iliyovuliwa haraka,
linanuka mzoga.
Nikaligusisha kipimajoto.
Lilikuwa na joto kuliko hewa ya banda.
Feni zimezima, pazia limekauka, chumvi imeganda ukingoni mwa chungu,
na hili lina homa yake lenyewe,
linaita nzi kutoka zizi la mbali.
Dadkarim alifunika pua kwa kilemba, lakini hakuondoka.
Tulilimulika kwa simu mpaka chaji ikaisha.

Ishirini na matatu yalioza.
Ripoti ina kurasa kumi na moja. Ukurasa wa tisa:
*baina ya ndoo ya pili na ya tatu, tofauti haina maana.*
Thelathini na nne halimo.
Mpango ulikuwa kupima majani, si maua.
Lilikuwa gramu elfu mbili mia moja na arobaini;
lilibaki na elfu moja mia tatu na kumi.
Zilizobaki zilikwenda katika harufu,
na harufu haina safu kwenye jedwali letu.

Nimelipeleka kwa mama.
Kaliweka chini ya sinki, karibu na vitunguu,
juu ya gazeti, hili la herufi ninazozisoma.
Likichipua utaniita, mama?
"Nikuite ya nini?" Anaosha mikono, mara mbili.
"Utalisikia."