Mizani ya Malori

Ile ya bafuni iliandika neno moja tu: KOSA.
Nikashuka, nikapanda tena taratibu,
kama mtu anayebisha hodi mara ya pili
kwa mwenye nyumba asiyemtaka.
KOSA.

Kazi yangu ni kupima malori ya mahindi.
Miaka kumi na tisa ndani ya kibanda cha kioo,
kando ya mji wa watu mia nne, Nebraska;
lori huingia limeshiba, hutoka tupu,
tofauti ndiyo nafaka, tofauti ndiyo pesa.
Usiku mmoja wa Novemba nilizima taa za ghala,
nikasimama peke yangu juu ya chuma kirefu.
Namba nyekundu zikafikiri.
Kilo mia mbili na kumi.
Mizani ile haijui vitu vidogo,
huruka kumi kwa kumi.

"Basi tutatafuta vipimo vingine,"
akasema Marisela Jumanne ya kwanza,
sauti yake ikitoka Albuquerque, nyuma ya milima
ambayo sijawahi kuivuka.
Nilijiandaa kuulizwa nimekula nini.
Akauliza: "Verlin, viatu vyako unavifungaje?"
Nikanyamaza. Mbwa akabweka badala yangu.
Sijavaa viatu vya kamba
tangu tulipomzika baba.

Wanasema mwili haujengwi kwa matofali.
Wangu ulijengwa kwa keki za mama zenye jamu ya plamu,
kwa viazi vilivyozama mchuzini,
kwa soda ya lita mbili pembeni mwa kompyuta,
kwa kuamka saa nane za usiku na njaa
ambayo tumbo lenyewe liliikana.
Ukuta juu ya ukuta,
na fundi akajisahau ndani.

Siku ya kwanza nilifika kwenye sanduku la barua.
Hatua sitini na mbili. Barua zenyewe zilikuwa bili.
Nikampigia picha chakula changu cha jioni.
"Naona kijani," akaandika.
"Ni rangi ya sahani," nikajibu.
Alicheka hadi simu ikakwaruza,
na wiki ile, sijui kwa nini, nikanunua maharage mabichi.

Januari theluji ilifunga mlango,
nikatembea ndani ya banda, nikiizunguka kombaini
kama ng'ombe wa kinu, pumzi yangu ikitangulia mbele.
Februari nikaanguka. Siku tatu.
Sitaji nilichokula; makopo yanajua.
Jumanne nikamwambia yote, nikangoja hukumu.
"Sawa," akasema. "Na asubuhi yake?"
Asubuhi yake nilimlisha mbwa.
"Na wewe?"
Yai. Yai moja, nusu ya chungwa.
"Tuanzie kwenye hilo yai."

Mia mbili na kumi. Mia mbili na kumi.
Mia mbili na kumi, hadi nikaishuku mizani ya serikali.
Kisha Aprili, mvua ikinyesha juu ya bati,
mia mbili kamili,
kama mbishi aliyekubali hoja bila kuomba radhi.

Jumanne moja ya Agosti simu haikulia.
Saa moja. Saa moja na nusu.
Nikapiga mimi.
Alikuwa ndani ya gari, uwanja wa duka la donati,
nikasikia mfuko wa karatasi ukikunjwa, ukikunjuliwa.
"Nilishusha kilo hamsini kabla sijakufundisha wewe," alisema.
"Leo zimekuja kunidai. Zote. Na riba."
Sikujua la kumwambia. Mimi ni mtu wa malori.
Nikatazama miguu yangu: buti mpya, kamba za kahawia,
fundo la kushoto limekaa upande.
"Sawa," nikasema. "Na asubuhi yake?"
"Haijafika, Verlin."
"Basi nipo."
Tukakaa hivyo, yeye na kiza chake, mimi na changu,
nje lori la mwisho likipanda kwenye chuma,
dereva akipiga honi, akitaka kujua uzito wake.
Nikamwacha angoje.