Bolti Moja Kiganjani

Lilianza kulia Jumatano,
si kelele, mlio tu, kama mlango wa stoo usiotiwa mafuta,
kila nilipokanyaga breki pale Roysambu.
"Pedi hizo," Nzioki akasema kwenye simu, hata hajaliona.
"Elfu sita, na kazi ndani. Lilete."

Elfu sita!
Mimi hushona sare za shule. Najua bei ya kitambaa,
najua na bei ya mkono,
na namjua vizuri yule mteja anayesema, "Ni pindo tu, fundi,
dakika tano, mbona unanikamua?"
Usiku ule nilimkuta kitandani mwangu,
kichwa chake kwenye mto wangu,
anapiga hesabu.

Ijumaa nikashuka barabara ya Kirinyaga, nikanunua pedi peke yake.
"Nani atakufungia?" muuzaji akauliza.
"Nina mtu," nikasema. Na kweli nilikuwa naye,
nilikuwa nimemvaa.

Jumamosi, uani Zimmerman, kati ya tangi la maji na kamba za nguo:
jeki, spana ya kuazima, tofali nyuma ya tairi,
simu imeegemea ndoo, na ndani yake kijana mmoja
anafungua nati kwa vidole viwili kama anayemenya njugu.
Zangu zilikuwa zimeoana na kutu.
Nilipanda juu ya spana kwa miguu yote miwili
na Mama Kerubo akachungulia kutoka ghorofa ya tatu:
"Fundi, cherehani yako siku hizi ina magurudumu?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi sikuinama, nililala chali,
grisi ikaniingia sikioni,
na huko chini nikakutana na gari langu.
Miaka sita naliosha mgongo,
tumbo lake sikuwahi kulisalimia.
Nitasema kweli: nilifurahi.
Pedi ya kwanza ilipokaa mahali pake, tak,
nilisikia kile ninachosikia kola ikikubali shingo.

Saa nane nikashusha jeki,
nikafuta mikono kwa kipande cha sare ya kijani.
Khisa, mwanangu, akaokota kitu chini.
"Baba, hii ni ya wapi?"

Bolti.
Ndogo, nyeusi, nzito kuliko umbo lake.
Nikairudisha video nyuma, nikahesabu pamoja na kijana wa njugu.
Kwake hakuna kilichobaki.
Kesho ni kanisani, na Khisa hukaa nyuma ya kiti changu, akiimba,
na mteremko wa Pangani haukuulizi
umeokoa shilingi ngapi.

Nikapiga simu.
Nzioki alikuja kwa miguu, na tochi, bila "nilikwambia".
Akafungua tena kila kitu, akapapasa polepole
kama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto.
"Kulia umefunga vizuri, umenishinda," akasema.
"Kushoto umezigeuza nyuma mbele."
Kisha akaipeleka ile bolti kwenye mwanga, akanyamaza.
"Na hii si ya breki. Ni ya kikinga cha injini.
Niliisahau mimi. Mwaka jana, Agosti."

Sikujua nicheke au nimkabe.
Mkono ulishafika kifuani pake ndipo nikaona
ovaroli yake: zipu imekufa,
na kutoka kitovuni hadi shingoni
amejifunga kwa waya wa umeme, mwekundu, fundo juu ya fundo.
"Nani amekufanyia hivi?"
"Mwenyewe," akasema, macho chini. "Fundi wa nguo alitaka mia tatu."

Tukatazamana.
Mama Kerubo alikuwa bado dirishani.
"Ivue," nikamwambia.