Hesabu ya Kutoa

Mwisho wa mwezi, tawi letu la Tabora.
Wateja wameondoka, mlinzi kaegemea mlango na redio yake,
nami nimebaki na jedwali
linalotakiwa Dar es Salaam kabla ya saa mbili usiku.

Bwana Kasanda, aliyenifundisha kazi hii, kwao ni Sikonge.
Hakuanza na vitabu. Alisema:
ukitaka kujua asali ya mwaka, usipime ya chupa peke yake.

Ya chupa ni noti na sarafu zilizo mikononi mwa watu,
na akaunti za hundi, kama ya yule muuza nondo wa Isevya
ambaye kalamu yake haikai mfukoni.
Ya dumu ni akiba: mwalimu Kabula
anatoa elfu kumi Jumatatu, anairudisha Ijumaa,
na wafuga nyuki wamefungia yao miezi sita,
hawaigusi hata paa la ghala likivuja.
Kisha ya masega: dola za tumbaku
zimelala kwa jina la chama cha msingi, zikinusa bei.
Jumlisha.
Hiyo ndiyo fedha ya nchi, kwa tafsiri iliyo pana.

Ya Serikali usiitie. Tunazodaiana benki kwa benki, usizitie.
Ya kwenye simu imeshalala kwetu kwa jina la kampuni;
ukiirudia, umemhesabu mbuzi na kivuli chake.

Nikauliza: na hizi za mikononi, nani hupita akizihesabu?
Nani hufungua mafundo ya kanga,
nani huinua magodoro ya Cheyo na Kanyenye?
Akacheka mpaka akavua miwani.
Hakuna. Ni hesabu ya kutoa.
Zilizotolewa tangu mwanzo,
toa zilizorudi kuchomwa, toa zilizomo makashani.
Kinachobaki, tunasema kiko kwa watu.

Kiko kwa watu.

Shangazi yangu Nyamizi, wa Tutuo,
msimu mmoja tumbaku yake ilipewa daraja la juu.
Laki nane na arobaini.
Alizifunga kwenye mfuko wa sembe, mfuko ndani ya chungu,
chungu chini ya jiwe la kusagia.
Hakumwambia mtu. Mume angezijua, zingeota miguu.

Masika yakapita. Ilipofika siku ya ada yangu ya chuo
akasogeza jiwe.
Mchwa walikuwa wamemtangulia.
Udongo mwekundu, laini, umejaa chungu hadi shingoni,
na ndani yake kipande kimoja chenye mkonga wa tembo.
Tembo mwenyewe hayupo.

Alikileta hapa, kwenye dirisha lile la pili, pamoja na udongo wake.
Karani akasema: mama, lazima ibaki zaidi ya nusu.
Hakulia. Aliuliza tu,
kwa hiyo imekwenda kwa nani?
Ada yangu ililipwa na baiskeli yake.

Watu husema mali bila daftari huisha bila habari.
Yake imo daftarini. Haimo duniani.
Mchwa hawajazi fomu, hawajawahi kutoa taarifa,
na kule Dar, kila mwezi, baada ya kutoa na kutoa,
laki nane na arobaini za Nyamizi bado ziko kwa watu,
ndani ya tarakimu ya mabilioni
ambako hata koma haizioni.

Nilimweleza, Idi iliyopita, akichambua majani barazani,
vidole vyeusi kwa utomvu.
Bado zinahesabiwa?
Bado, shangazi.
Kila mwezi?
Kila mwezi.
Akachagua jani, akalinusa, akaliweka kwenye fungu la daraja la chini.
Basi, akasema, kuna kutoa kumoja mmekusahau.

Saa mbili kasoro dakika nne.
Nimekagua jumla mara tatu. Iko sawa.
Natuma.