Upande wa Ndani wa Kifuniko

Bi. Corbiere alipofunga virago vyake, Ngara,
mama, aliyekuwa akimfulia nguo,
alirudi na kisanduku
kikubwa kama sufuria ya chai ya watu wawili.
Akasema: huyu si Mzungu, msikosee.
Ni Mwanishinaabe. A-ni-shi-naa-be.
Jina likakaa kinywani bila kugombana na ulimi,
kila silabi ikitua kwenye irabu, kama yetu.

Gome la mti mweupe tusioujua.
Juu yake ua jekundu, majani mawili,
vyote vimeshonwa kwa miiba ya nungunungu,
mamia, myembamba kuliko njiti ya kiberiti,
na ukingoni nyasi kavu zinazonukia hadi leo,
baada ya miaka thelathini ya vifungo,
vyeti vya kuzaliwa,
na jino langu la kwanza.

Juzi mwiba mmoja wa ua ulikatika;
kipande kimoja kikaenda na ufagio.
Nikakipeleka kisanduku kibandani kwangu, Kariokor,
kati ya vyondo visivyo na mikanda bado,
nikajaribu mwiba wa nungunungu wa Kitui
ambao mjomba Muthengi husafishia kiko.
Mnene mno. Ungepasua gome
kama msumari kwenye biskuti.

Basi nikabandua bitana ya kifuniko, polepole,
kwa kisu cha siagi.
Humo nikaona nisichokitafuta:
ncha zote zimekunjwa, zimelala zikipandana,
kila mwiba umetoka tundu hili ukazamia lile,
upande usiopigwa picha.

Nikamwona aliyeshona. Miiba mdomoni,
anailainisha kwa mate, anaibana kwa meno iwe bapa,
kama nyanya yangu Syombua
alivyotafuna magome hadi yakawa uzi
na ufizi ukachubuka.
Wanawake wawili, vinywa vimejaa kazi,
hakuna anayeweza kuitikia salamu.

Nikajichoma kidole.
Mwiba wa kujidunga, wanasema, hauambiwi pole.
Sikuambiwa.
Tone la damu liliingia gomeni kabla sijalipangusa.

Mteja akauliza, hiki bei gani?
Nikamwambia hakiuzwi, kinashonwa.
Na sikukishona.
Nilirudisha bitana kwa uji mzito wa ngano,
pengo la ua nikaliacha:
matundu mawili madogo,
kama ya sikio la mtu aliyevua hereni akalala.

Kipande cha mwiba kimo ndani,
ubavuni mwa jino.