Jakamoyo

Mara tatu wamenibandika nyaya kifuani pale Ruwi,
mara tatu karatasi imetoka safi.
"Moyo wako mzima, dada."
Mzima!
Basi nani aliyenikaba juu ya daraja la Al Hail,
vidole vimeganda kwenye usukani,
malori yananipigia honi,
kiyoyozi kinavuma, nami natota jasho?

Mama kanipa kombe la zafarani.
Nikanywa lote, kwa kuwa ni mama.
Shangazi Ghaniya: "Wasiwasi tu huo. Uache."
Kama kiatu, mlangoni.

Daktari wa Al Khuwair hakuwa na haraka.
Kauliza kwa Kiarabu, nikajibu kwa Kiarabu,
maneno yakapwaya.
"Nyumbani kwenu mnaliitaje?"
Nikasema: jakamoyo.
Akaliandika, akakosea. Tukacheka,
na likawa na jina, na faili.

Sasa ni nusu kidonge asubuhi,
na kila Jumanne kupanda daraja na kushuka,
Rayya kando yangu, kimya, anamenya chungwa.
Bado linakuja. Nalihesabia pumzi:
nne ndani, sita nje.

Jana, katikati kabisa ya daraja,
nikakumbuka sijaroweka mbaazi.